Umeme Usio na Njia ya Kurudi

Ngowa hakuwa mtu wa kukaa. Tangu mkewe Mejumaa azikwe, kiti kilikuwa kikimchoma. Asubuhi katika chumba chake cha kupanga pale Kibokoni, chai aliinywa amesimama mlangoni, kikombe mkono huu, kufuli mkono ule, kama mtu anayeogopa gari limuache. Jirani yake Swafia, muuza mahamri, alishachoka kumwambia.

"Mzee Ngowa, hata punda wa Lamu hupumzika."

"Punda wa Lamu ana hospitali yake," Ngowa alimjibu. "Mimi nina nani?"

Na huyo, ameshashika njia. Alipita ubavuni mwa Ngome ya Yesu, ambapo waongoza watalii walimpungia mkono bila kungoja apunge, akapanda mpaka soko la Marikiti kwenye kibaraza alichoazimwa na mwenye duka la viungo. Hapo ndipo alipofanyia kazi. Alikuwa fundi wa waya za magari, na magari yake yalikuwa tuktuk na pikipiki tu. Aliyemletea habari ya trela alirudi na trela yake. Trela hagusi. Wachukuzi wa Marikiti walilijua jambo hilo na hawakumtania nalo, maana walijua lilikotoka.

Mejumaa alikufa Kibarani. Alikuwa ametoka Changamwe kumjulia hali dada yake, amepanda tuktuk, jua limeshatua. Pale Kibarani kulikuwa na trela mbovu imesimama barabarani tangu adhuhuri. Haikuwa na taa hata moja, na hakuna aliyeitilia hata tawi la mti nyuma yake, kama watu wanavyofanya. Nguzo za taa zilikuwapo, ndefu, zimenyooka, na juu yake giza. Dereva wa tuktuk aliiona trela alipokuwa ameshaingia chini yake.

Baada ya matanga, Ngowa alizunguka kwenye maofisi. Mwenye trela alisema ni dereva. Dereva alisema ni mwenye trela. Wa barabara walisema taa si zao, wa taa walisema barabara si yao. Ngowa hakusoma sana, darasa la tatu akaingia kazini, lakini swali lake lilikuwa moja na aliliuliza kila meza kwa Kiswahili safi: "Trela ilikaa pale tangu adhuhuri. Watu wamepita, wenye vyeo na wenye magari ya serikali. Mimi nataka mtu mmoja tu. Nani alijua, akanyamaza?" Wakamwambia rudi Jumatatu. Jumatatu za nchi hii haziishi.

Siku hiyo alikuwa amelala chini ya pikipiki ya muuza samaki simu ilipolia. Alikuwa bintiye Mirriam, mtoto wa pekee.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Niko Shimanzi, yadi. Baba, taa za trela zina wazimu."

Ngowa alitoka chini ya pikipiki. Mirriam alikuwa ameanza na tuktuk, akapanda kwenye lori dogo la kanta, kisha, mama yake hajatimiza hata mwaka kaburini, akaenda kujifunza trela. Baba mtu alipopata habari alimkalia kimya mwezi mzima. Mirriam alivumilia kimya hicho, akapata leseni, akapata kazi, na leo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza: mbolea, mpaka Eldoret.

"Nikikanyaga breki, indiketa nazo zinawaka," Mirriam aliendelea. "Nikiwasha ya kushoto, ya kulia inaitikia. Nikipiga kona, zote zinazima."

"Mwiteni fundi wa yadi."

"Amekwenda mazishi kwao. Aliyebaki amebadilisha balbu zote, amebadilisha fyuzi, na wazimu ni ule ule."

"Basi usiende."

"Baba, nisipotoka alasiri hii mzigo anapewa mwengine, na gari pia. Watasema mwanamke ameshindwa siku ya kwanza."

"Wacha waseme."

"Baba."

Alilisema neno hilo moja kama mamake alivyokuwa akisema "Ngowa", bila kupandisha sauti na bila kuongeza kitu. Ngowa akachukua testa yake, ile bisibisi yenye kitaa kidogo kwenye mpini na mkia wa waya, akamwambia mwenye pikipiki arudi kesho.

Njiani alikwenda mbio mbio kama aliyeachwa na jeneza. Alijiambia kwamba anakwenda kuangalia tu. Alijiambia kwamba trela ikiwa mbovu ni mbovu, hakuna wa kumlaumu, na Mirriam atarudi kwenye kanta zake za mjini, akalale kitandani kwake. Wazo hilo alilisukuma kando, likamfuata kama mbwa wa mtaani.

Karibu na Shimanzi alikuta nguzo ya taa imepakwa rangi upya, nyeusi na nyeupe, inang'aa. Akatazama juu. Haikuwa na balbu.

"Kipofu mumempaka wanja," aliiambia nguzo, na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi akageuka kumtazama. "Hawa wakubwa, mama, ukiwaletea maiti wataipaka rangi."

"Na wataifungua kwa utepe," akasema yule mama, akageuza hindi lake.

Yadi ilikuwa vumbi na harufu ya dizeli. Msimamizi wake, Wekesa, mtu wa Bungoma mwenye kifua kama pipa, alikuwa na simu mbili na zote zilikuwa zikimgombeza. Alimpa Ngowa mkono kwa heshima.

"Mzee, karibu. Tusaidie. Wakubwa wananikalia hapa," akasema, akijigonga shingoni.

Kwenye kivuli cha lori jengine alikaa dereva mmoja, Tony, akitafuna njugu na kutupa maganda juu ya kiatu chake mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akingoja kuona kama mzigo utamwangukia.

"Mirriam ameleta baba!" akapaza sauti. "Mimi siku yangu ya kwanza nilileta jeki."

"Na mbona mpaka leo hujainuka?" Ngowa akamjibu bila kusimama. Vijana wa kupakia mizigo wakacheka, Tony naye akacheka, akamrushia njugu moja.

Mirriam alitoka nyuma ya trela, ovaroli imefungwa mikono kiunoni, leso ya mamake kichwani. Ile leso Ngowa aliijua. Akaangalia pengine. Akaiangalia trela, na trela yenyewe ilikuwa ya kutazamwa: buluu kutoka puani mpaka mkiani, kila ukingo, kila boliti, kama iliyotoka dukani.

"Nani ameipaka?"

"Mimi. Nimeipiga msasa Jumapili nzima, nikaipaka mwenyewe." Uso wake ulichanua, hata na taa zake mbovu. "Sikuacha hata nafasi ya ukucha. Chuma cha pwani, baba."

Yalikuwa maneno ya Ngowa. Tangu Mirriam akiwa mdogo, Ngowa alimwambia kwamba chuma cha pwani ukikiacha uchi usiku mmoja, asubuhi utafagia unga. Chumvi hainyamazi. Nyumbani mwao Mejumaa alipaka mafuta ya nazi kwenye kufuli, kwenye bawaba za dirisha, kwenye mkasi wa kushonea, mpaka wageni wakifungua mlango hutoka wananukia wali.

"Panda," akasema Ngowa. "Kanyaga breki."

Mirriam akapanda kichwani, ile sehemu ya mbele inayovuta trela. Nyuma, taa za breki zikawaka wekundu hafifu, kama makaa yaliyomwagiwa maji, na indiketa zote mbili zikaamka usingizini.

"Acha. Washa ya kushoto."

Ya kushoto ikapepesa kidogo. Ya kulia ikaipepesea jibu.

"Sogeza mbele, kata kona."

Kichwa kikageuka, trela ikafuata ikilalamika, na taa zote zikafa. Gari likanyooka, zikarudi. Ngowa akasogea karibu. Kazi ilikuwa imemshika. Alikuwa amesahau kwamba trela nazo huongea.

Alimwambia Mirriam aziwashe taa zote na indiketa ya kushoto, akafungua kifuniko cha taa ya nyuma, akatia ncha ya testa, mkia wa testa akaubana kwenye waya aliouvuta kutoka mbele, kwenye betri. Kitaa kikawaka chote. Umeme ulikuwa umefika. Akaenda kwenye taa ya pili, umefika. Akarudi mbele kwenye ule waya mnene wa kujikunja kama springi, unaotoka kwenye kichwa kwenda kwenye trela, akachomoa plagi yake, akachungulia. Meno yote safi, hayana kutu. Akairudisha.

Umeme kwenda unakwenda, akawaza. Basi kurudi ndiko kuna neno.

Kwa asiyejua kazi hii, habari ni fupi. Umeme wa gari hutoka kwenye betri kwa waya, ukafika kwenye taa, na sharti urudi kwenye betri. Njia ya kurudi mafundi huiita eathi, na njia hiyo ni chuma chenyewe cha gari. Mirriam alipokuwa wa kwenda chekechea Ngowa alimfundisha hivi: umeme ni mama anayetumwa Marikiti. Ukimfungia njia ya kurudi, hatoki. Au atatoka, lakini atarudi kwa kupitia nyumba za watu, na huko ndiko atakakowasha taa zisizo zake.

Akachukua ule waya mrefu unaotoka upande wa kurudi wa betri, akaugusisha kwenye chuma cha ndani ya taa.

Trela ikawaka. Nyekundu, kali, kama pilipili iliyoiva. Ya kushoto ikapepesa peke yake, ya kulia ikatulia kimya kama mtu mwenye adabu.

Ngowa akautoa waya haraka. Akatazama huku na huku. Mirriam alikuwa kwenye kichwa na hakuona nyuma. Wekesa alikuwa na simu zake. Tony alikuwa akitafuta njugu iliyomponyoka.

Hakuna aliyeona.

Akajilaza kwenye vumbi, akajiburura chini ya trela na tochi mdomoni. Haikumchukua muda. Nyuma ya soketi ya plagi palikuwa na waya mnene mweusi, ule wa kurudi, ambao kichwa chake cha shaba hufungwa kwa boliti kwenye mwili wa trela. Ulikuwa umefungwa vizuri sana. Ulikuwa buluu. Mirriam alikuwa amefungua boliti ile, akapaka rangi mpaka chini yake, akapaka kichwa cha shaba juu na chini, akangoja ikauke, akakaza. Fundi mvivu angepaka juu juu tu, na taa zingewaka. Mtoto wake hakuwa mvivu. Ilikuwa rangi juu ya rangi, shaba na chuma vimelala kitanda kimoja vimetenganishwa na blanketi. Na pale mbele, kwenye sahani ya chuma inayobeba trela mgongoni mwa kichwa, ambapo umeme ungeweza kuibia njia chuma kikisugua chuma, Mirriam alikuwa amepaka grisi kama mtu anayepaka siagi mkate wa mgeni. Ndiyo maana kona ikikatwa, mguso mdogo uliobaki unakatika na taa zinakufa.

Spana moja na kipande cha msasa. Kazi ingekwisha kahawa haijapoa.

Ngowa akalala pale chali, tumbo la trela liko juu yake. Aliona viatu vya Mirriam vikishuka kwenye kichwa, vikisimama, vikigonga gonga vumbi kwa kukosa subira. Kiatu kimoja kilikuwa na kamba ya rangi nyengine. Akawaza Mtito usiku, akawaza mteremko wa Salgaa wa ajali kila siku, ambao hajawahi kuuona ila kwenye taarifa ya habari. Akawaza Kibarani. Akaona kwamba hahitaji kufanya kitu. Hahitaji kukata waya, wala kuiba fyuzi. Kutofanya kitu kunatosha.

Akatoka, akajipangusa.

"Vipi?" Mirriam akauliza.

"Waya zimeoza ndani. Trela hii haitoki leo."

Uso wa Mirriam ukaanguka polepole, kama pazia lililolegea msumari. "Umeangalia eathi?"

"Nimeangalia."

Wekesa alisikia. Akaondoka kando na simu, wakamsikia akisema ndiyo bosi, hapana bosi, nimeelewa bosi. Akarudi akijifuta jasho shingoni.

"Basi. Mirriam, pole sana, utangoja zamu nyengine. Tony! Lete kichwa chako uivute hii."

Ngowa alidhani hakusikia vizuri. "Uivute nini?"

"Hii trela, mzee. Mzigo umo ndani, hauna muda wa kupakuliwa."

"Haina taa!"

"Najua, mzee," akasema Wekesa, na haya ilikuwa kwenye sauti yake. "Wakubwa wamesema itoke. Ikibaki, kesho ni mimi ninayebaki nyumbani."

Tony alikuwa ameshasimama, anajikung'uta maganda. "Wasiwasi wa nini, mzee? Nafunga kitambaa chekundu pale nyuma. Giza likiingia naganda nyuma ya mwenye taa."

"Na wewe nyuma yako ataganda nani? Polisi je?"

"Polisi huangalia mbele. Mbele taa ninazo."

Vijana wakacheka tena. Mara hii Ngowa alikuwa na hotuba. Ile hotuba aliijua kama mtu ajuavyo Fatiha, ameitoa katika kila ofisi ya mji huu. Akanyoosha kidole kuelekea kifua cha Wekesa, pumzi imejaa, na maneno yakaja yenyewe.

"Nyinyi ndio mnaotumaliza! Mtu anajua gari hili halina taa, na uwezo wa kulizuia anao, na anafunga mdomo wake! Mimi nataka mtu mmoja tu, nani alijua, aka..."

Hapo ikamkwama. Kidole chake kilikuwa bado hewani, na ncha yake ilikuwa nyeusi kwa grisi ya sahani.

Yadi ikangoja. Wekesa akangoja, amezoea kutukanwa, na huenda alikuwa akishangaa kwa nini matusi yamekatika katikati. Ngowa akakishusha kidole. Akakipangusa kwenye suruali, kikazidi kuchafuka.

"Ngoja kwanza," akasema kwa sauti ya chini. "Mwambie huyo akae na njugu zake. Mirriam, lete spana. Lete na msasa."

"Umesema waya zimeoza."

"Lete, mwanangu."

Aliingia chini ya trela wa kwanza, Mirriam akamfuata. Wakalala bega kwa bega kwenye vumbi, kama zamani chini ya tuktuk, wakati Mejumaa akiwaita wale chakula na hakuna anayesikia. Ngowa akampa tochi.

"Tafuta."

"Baba, si umesema umeangalia eathi?"

"Nilisema."

Mwanga ukatembea kwenye waya, ukafika nyuma ya soketi, ukasimama. Kando yao gari la mtu lilikuwa likirudi nyuma likipiga king'ora chake.

"Ni rangi yangu," akasema mwisho.

"Rangi yako, maneno yangu."

"Hii hata mtoto angeiona."

"Angeiona."

"Kwa hivyo uliiona."

"Niliiona."

Mirriam akazima tochi. Kivulini mle Ngowa alisikia pumzi yake tu, ya haraka, ya mtu anayechagua neno kati ya mengi mabaya. Alitamani ayaseme yote. Alitamani ampigie kelele, ili apate kitu cha kujibu.

"Ungemwacha Tony aende hivi?" ndilo alilouliza.

"Sikujua kama wangemtuma Tony. Nilitaka usiende wewe tu."

"Na mama angekwambia nini?"

Ngowa akafikiri. "Asingesema kitu. Angeninyima chai."

Kicheko kilimtoka Mirriam bila ruhusa yake, kifupi, cha hasira bado. Akawasha tochi, akamrudishia baba yake aishike, akatia spana. Boliti ikalia, ikalegea. Akausugua mwili wa trela kwa msasa, rangi ikatoka, vumbi la buluu likawaangukia machoni, na chini yake chuma kikaanza kutoka, kwanza kijivu, halafu cheupe kama jino. Akasugua shaba juu na chini. Alisugua kwa nguvu kuliko ilivyohitaji.

"Inatosha," akasema Ngowa. "Utaitoboa."

"Na chumvi je? Pakikaa uchi si pataoza?"

"Vigusane kwanza, ukaze. Ukishakaza, hapo ndipo upake grisi, juu yake, kwa nje. Si katikati." Akatema vumbi. "Hilo sikukwambia. Nilikwambia nusu."

Mirriam akakaza boliti. Akapaka grisi. Walipotoka walikuwa wamekuwa watu wa buluu, nyusi na yote, na vijana wa mizigo wakauliza kama kuna harusi ya majini.

"Panda. Breki!"

Nyekundu, pande zote mbili, kali.

"Kushoto!"

Ya kushoto peke yake.

"Kulia! Kata kona! Kata zaidi!"

Trela ikajikunja mpaka ikakaribia kujitazama mgongo, na taa hazikupepesa. Wekesa alikuwa ameshaweka simu sikioni. "Mirriam anatoka, bosi. Ndiyo, Mirriam. Na taa zote, bosi." Neno la mwisho alilisema kama mtu anayelipa deni la heshima.

Tony akasogea karibu na Ngowa. "Mzee, ule uozo umepona?"

"Umepona."

"Dawa gani hiyo?"

"Msasa." Ngowa akamwangalia. "Na trela yako je? Kawashe nione."

"Aa, mzee, yangu ni nzima."

"Kawashe."

Tony akawasha. Upande mmoja ulikuwa kipofu kabisa na mwengine ulikuwa na kengeza. Hata Wekesa alijikuna kichwa.

"Kesho asubuhi niko hapa," akasema Ngowa. "Na ukitoka kabla sijaja, utanipitia juu. Nitalala kwenye geti lile, na hawa wote mashahidi."

"Huyu mzee si wa mchezo," akasema Tony, lakini hakucheka.

Mirriam alisimamisha gari getini, akachungulia dirishani. Uso alikuwa ameuosha nusu. Walitazamana. Ngowa alikuwa na mambo ya kumwambia kuhusu magurudumu, kuhusu mteremko, kuhusu kulala akisinzia, kuhusu watu wa barabarani, na yote yakagombania mlango mmoja yakakwama.

"Umekula?" akauliza.

"Nitakula Mariakani."

"Haya."

Gari likatoka. Ngowa alifikiri atasimama pale getini alitazame likipotea, kama watu wanavyofanya. Miguu ilikataa. Ilikuwa imeshaanza kwenda. Na foleni ya jioni ilikuwa ile ya siku zote, malori, matuktuk, mabasi, yote yanatoka kisiwani kwa kusukumana, na trela ya mbolea ikawa inakwenda hatua za kobe. Ngowa akaikuta. Akatembea nyuma yake, pembeni mwa barabara, kwenye mwanga wa taa zake. Mirriam akikanyaga breki shati la Ngowa linakuwa jekundu, akiachia linakuwa la buluu.

"Mzee, unasindikiza gari?" dereva mmoja wa bodaboda akamuuliza.

"Nasindikiza."

"Mgeni wako?"

"Mwanangu."

Yule wa bodaboda akatazama trela, akamtazama mzee, akapiga honi.

Wakapita Makupa hivyo. Kwenye daraja upepo ulikuwa na chumvi, ule ule unaokula vyuma, ukampiga usoni. Ngowa alijua anakokwenda, na aliendelea. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga Kibarani kwa miguu, na akienda kwa shemeji yake Changamwe hupanda basi na kufumba macho. Leo alifika amefumbua. Palikuwa mahali tu. Wameotesha nyasi na miti pale palipokuwa na jaa la taka. Watoto walikuwa wakikimbizana, na barabara ilikuwa barabara.

Hapo ndipo foleni ilipofunguka. Injini ikavuta pumzi, trela ikaanza kumwacha. Ngowa akaongeza mwendo, akakimbia kidogo hata, kubazi zake za ngozi zikimpiga visigino, kisha pumzi ikamwishia akashika magoti. Alipoinua kichwa, taa zilikuwa zimeshakwenda mbali, lakini aliziona. Ya kushoto ikapepesa mara moja, peke yake. Halafu ya kulia, peke yake. Ndivyo madereva wa trela wanavyosema ahsante.

Alisimama akizitazama mpaka zikachanganyika na za wengine.

Giza lilikuwa linaingia. Juu yake kulikuwa na nguzo ya taa, na bila shaka haikuwa na kitu. Ngowa akaipiga kofi. "Wewe na wenyewe wako nitawajia Jumatatu," akaiambia. "Na nitakuja na ngazi."

Tuktuk ikasimama kando yake, tupu, inaelekea kisiwani.

"Mzee, mjini? Ingia, viti vipo."

Ngowa hakuingia. Alizunguka nyuma ya tuktuk, akainama, mikono magotini.

"Kanyaga breki."

"Nini?"

"Breki. Kanyaga nione."

Dereva akacheka, akakanyaga.

"Tena," akasema Ngowa.